Bismathi au shaba? Kuchagua fuwele ya metali ya kukuza nyumbani kwa ajili ya vito

Juu ya meza yangu ya kazi kuna vipande viwili ninavyowaonyesha watu wanaokuja kuuliza waanze na nini. Kimoja ni bismathi: ngazi za pembe mraba zilizoingiana, kama ghorofa ambayo fundi amesimamisha nguzo na ngazi kisha akatoroka na hela za kuta. Ukikigeuza kwenye mwanga, rangi zinahama kutoka dhahabu kwenda zambarau, buluu, kijani. Cha pili ni shaba: kijiti chekundu chenye vitawi, kinafanana na kipande cha tumbawe. Kila mgeni hunyoosha mkono kwenye bismathi. Lakini wengi wanaorudi baadaye wakiwa wamevaa kitu walichokitengeneza wenyewe, kinachoning'inia shingoni ni shaba.

Sisemi hivyo kuiponda bismathi. Ninaipenda, na ndiyo inayonivutia wateja mezani. Ila uzuri wa fuwele ikiwa imetulia mezani ni jambo moja, na maisha yake mwilini, penye jasho, nywele, mtandio na vidole vya mtoto mchanga, ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo nitazilinganisha kwa maswali ya mtu anayetaka kuivaa au kuiuza: malighafi inapatikana wapi, inakuzwaje, inashikwa na nini, na itakaa sehemu gani ya mwili. Fedha na bati nitazigusa pia, kwa sababu huulizwa, ingawa mwisho wake utaona nimeziweka pembeni.

Jikoni: nusu saa dhidi ya wiki mbili

Bismathi huyeyuka kwenye nyuzi joto 271 tu. Jiko la gesi linafika huko bila jasho, hata la mkaa. Unachohitaji ni sufuria ndogo nene ya stili isiyoshika kutu, nyingine ya kumiminia, kijiko cha stili cha mpini mrefu, miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika vidole. Sufuria zetu nyembamba za alumini usizitumie. Kwenye moto mkavu hulegea, na hutaki ilegee ikiwa imebeba kilo nzima ya metali iliyoyeyuka. Na sufuria utakayoitumia, ndiyo imeaga mapishi. Wali haurudi humo.

Kazi yenyewe ni fupi. Unayeyusha, unaengua utando wa kijivu juu kwa kijiko, unazima moto, unasubiri. Kingo zinaanza kuganda, na kuganda huko kunatambaa kuelekea katikati. Wakati fulani, na hapo ndipo ufundi wote ulipo, unamimina bismathi ambayo bado ni maji kwenye sufuria ya pili. Kilichobaki kwenye kuta na kitako ni fuwele. Ukimimina mapema unakuta gamba jembamba. Ukichelewa unakuta tofali. Habari njema ni kwamba tofali hilo unaliyeyusha tena na kujaribu upya siku hiyo hiyo, mara kumi ukitaka, na unachopoteza ni ule utando tu.

Umbo la ngazi linatokana na kingo za fuwele kukua haraka kuliko katikati ya nyuso zake, kwa hiyo katikati inabaki shimo. Rangi si za kupaka. Hewa inapoigusa bismathi ya moto inaacha utando mwembamba wa oksidi, na mwanga ukigonga utando huo hugawanyika rangi kama mafuta ya gari juu ya dimbwi la mvua. Utando ukiwa mnene kidogo au mwembamba kidogo, rangi inabadilika. Ndiyo maana huwezi kupata hereni mbili za bismathi zenye rangi sawasawa. Ukiwa unauza, ziite jozi isiyofanana na uweke bei juu, usiombe radhi.

Jambo moja linalowashangaza wanunuzi wa mara ya kwanza: kilo moja ya bismathi ni kidogo mno kwa macho. Uzito wake ni gramu 9.78 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kilo nzima ni takriban mililita 102, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Ukiimimina kwenye sufuria yenye upana wa sentimita 8, kina chake ni sentimita 2 tu. Kwa fuwele za hereni hiyo inatosha. Kwa zile kubwa za kwenye picha za intaneti, haitoshi.

Shaba nayo haipikwi. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na moto wa namna hiyo tuwaachie wenye tanuri. Nyumbani hukuzwa kwa maji na umeme, na maji yenyewe ni ya mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wanayajua kama dawa ya ukungu. Unayeyusha kiasi cha gramu 200 kwenye lita moja ya maji safi ya kuongezea betri (siyo tindikali yake), unachuja kwa kitambaa, unamimina kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Upande mmoja unazamisha kipande kikubwa cha waya wa shaba, yaani mtoaji. Upande wa pili unazamisha ncha ndogo ya waya wa shaba, yaani mbegu. Mtoaji unaunganishwa na chanya, mbegu na hasi. Shaba inaondoka kwa mtoaji, inaogelea, inakaa kwenye mbegu.

Umeme ni wa chaja ya simu ya volti 5. Ukikata waya wake wa USB utakuta mwekundu ambao ni chanya na mweusi ambao ni hasi. Mingine iache na uifunge ncha. Ila usiuunganishe moja kwa moja. Kwa fundi redio nunua rezista mbili, vile vipande vidogo vya kupunguza mkondo wa umeme: ya omu 1,000 yenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu, na ya omu 220 yenye mistari ya nyekundu, nyekundu, kahawia. Ya kwanza itapitisha takriban miliampea 5, na hiyo ndiyo ya siku nne au tano za mwanzo mbegu ikiwa bado ndogo. Ya pili itapitisha kama miliampea 22, nayo ni ya baadaye, fuwele ikishapata uso wa kutosha. Ukiruka hatua na kuanza na mkondo mkubwa, badala ya fuwele utapata matope ya kahawia yaliyogandamana, na ukiyagusa yanabaki kidoleni.

Hesabu yake ni rahisi kwa anayependa kujua anangoja nini. Ampea moja kwa saa moja huweka gramu 1.186 za shaba. Kwa miliampea 22 hiyo ni gramu 0.63 kwa siku. Wiki mbili, ukijumlisha na zile siku za mkondo mdogo, zinakupa gramu 6 au 7. Umeme ukikatika kazi inalala tu, ukirudi inaendelea. Lakini isikae siku nyingi bila umeme ndani ya maji hayo, uso wa fuwele unapoteza mng'ao. Pawabenki nyingi hazifai kwa sababu zikiona mkondo mdogo hivyo hudhani simu imejaa na kujizima.

Hapa kuna kitu kinachonifurahisha kila nikikifikiria. Mitambo ya Kolwezi kule Kongo hutoa shaba kwa njia hii hii ya maji na umeme, na kero ya viwanda vya namna hiyo ni shaba kuota vinundu na vitawi. Hutia gundi kidogo ya mimea au ya wanyama ndani ya maji ili bamba litoke laini. Mimi na wewe tunataka kile wanachokikimbia. Maana yake kwenye chupa yako ni kwamba usitie chochote cha kulainisha: chupa isiwe na mabaki ya sabuni, wala usitumie ile iliyokuwa na sharubati bila kuisuuza vizuri.

Malighafi, na hatari ya kuuziwa metali ya risasi

Kwa anayeishi Moshi, Mombasa au Bujumbura, shaba inashinda hapa bila mjadala. Mrututu upo kwenye maduka ya pembejeo na waya wa shaba upo kwenye mabaki ya kila fundi umeme. Angalia tu usiuziwe dawa nyingine ya shaba. Mrututu ni mawe au chenga za buluu kali zinazoyeyuka kwenye maji na kuyaacha maangavu. Ukipewa unga wa kijani au wa samawati uliofifia unaotuama chini ya glasi, hiyo ni dawa nyingine, rudisha.

Bismathi itabidi uiagize. Anayeishi Ulaya, Ghuba au Marekani hana shida, mzigo unafika mlangoni. Kwetu unaongeza usafirishaji wa kitu kizito na ushuru. Kabla ya kulipa uliza usafi: tafuta iliyoandikwa asilimia 99.99. Bismathi hupatikana kwa wingi kama mabaki ya kusafisha risasi, na binadamu amezichanganya metali hizi mbili kwa karne nyingi. Ni mwaka 1753 ndipo Mfaransa Claude François Geoffroy alipoonyesha waziwazi kwamba ni vitu viwili tofauti. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa mzigo wa "bismathi" ambao ukiutazama tu unaona ni chubwi za kuvulia samaki zilizoyeyushwa. Njia ya kujua ni nyundo. Weka kipande juu ya jiwe, kigonge: risasi hubonyea, bismathi hupasuka na kuonyesha ndani nyuso zinazong'aa zenye wekundu wa mbali. Kama imebonyea, usiiyeyushe nyumbani. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, kwa watoto hasa.

Bismathi safi yenyewe ni metali nzito isiyo na ukali mkubwa mwilini. Iko ndani ya dawa za tumbo. Kuna mteja aliyeniuliza kama ni kweli ina mionzi, amesoma mahali. Ni kweli. Watafiti wa Ufaransa waliligundua hilo mwaka 2003. Ila inachukua miaka kama 20 ikifuatiwa na sufuri kumi na nane ili nusu ya atomi zake zibadilike, muda unaozidi umri wa ulimwengu mara zaidi ya bilioni moja. Alinunua.

Kikonyo

Kama ungesoma sehemu moja tu, ningependa iwe hii. Fuwele yoyote ikishakua inabaki swali: itashikwa na nini? Karafuu ina kikonyo, embe lina kikonyo. Fuwele yako ikikosa, umekuza pambo la rafu.

Nilipoanza na bismathi nilifikiri nitalehemu kipete kidogo kwenye kona ya fuwele, kama ninavyofanya kwenye shaba. Nilichukua kisu cha kulehemu, nikagusa. Lehemu iliposhika tu, kona nzima ikazama kama sukari kwenye chai. Sababu niliielewa baadaye. Bati iliyo ndani ya lehemu huyeyuka kwenye nyuzi 232 na bismathi kwenye 271, lakini zikichanganyika kwa kiasi fulani huyeyuka kwenye nyuzi 138 tu. Kwa hiyo lehemu haiiungi bismathi, inaila.

Zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kuifunga kwa waya wa fedha au shaba, kama kizimba, waya ukipita kwenye matundu ya ngazi zenyewe. Inapendeza na ndiyo ninayoitumia zaidi. Ya pili ni kofia ndogo ya metali iliyobandikwa juu kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili. Inashika, lakini safisha kwanza, na usiamini gundi za sekunde tano. Ya tatu ni ya wenye mkono mtulivu: wakati bismathi inaanza kuganda unazamisha ncha ya waya wa chuma, fuwele zinaota juu yake, unaiinua taratibu. Hii hukupa kikonyo cha kuzaliwa nacho, ila bismathi imeukumbatia waya tu, haijaungana nao. Ni dhaifu kwa tabia: ikianguka sakafuni kwenye vigae, inavunjika. Sijapata dawa ya hilo.

Shaba hapa inaiacha bismathi mbali. Kabla hata hujawasha umeme, unakunja waya wako wa mbegu uwe na kipete cha kupitishia mkufu. Sehemu yote usiyotaka iote unaipaka rangi ya kucha, mara mbili, unaiacha ikauke. Ncha tu ndiyo unaiacha wazi. Shaba inaota pale, juu ya shaba mwenzake, na wiki mbili baadaye unatoa kidani ambacho kikonyo na fuwele ni kitu kimoja. Hakuna gundi, hakuna lehemu. Na ukitaka kulehemu baadaye, shaba inakubali vizuri. Tumia lehemu isiyo na risasi.

Udhaifu wake ni vitawi. Vile vyembamba kuliko njiti ya kiberiti vitakatika tu, leo au wiki ijayo. Mimi nikiitoa kwenye maji na kuisuuza, naifunga ndani ya kitambaa na kuitikisa kwa nguvu. Kinachotaka kukatika kikatike kwangu, si kwenye nguo ya mteja. Vingine navipunguza kwa koleo ndogo.

Sikio, shingo, kidole

Sikioni uzito ndio mwamuzi. Mimi sivuki gramu 5 kwa sikio moja. Bismathi, ingawa ni nzito, fuwele zake zina uwazi ndani, kwa hiyo unaweza kupata kipande kinachoonekana kikubwa na bado hakichoshi. Inafaa sana hapo, pia kwa sababu sikioni haigusani na vitu. Shaba yenye vitawi sikioni inanasa nywele, na kwa mwenye mtandio ni vita kila asubuhi. Ukiiweka hata hivyo, iwe fupi, mviringo. Na iwe bismathi au shaba, ndoano inayoingia kwenye tundu la sikio iwe ya fedha ya 925, yaani yenye fedha sehemu 925 kwa kila elfu. Shaba ndani ya tundu huacha kijani, na ndoano za bei rahisi zenye nikeli huwasha watu wengi.

Shingoni zote mbili zinakaa. Bismathi ning'iniza juu, karibu na koo, mahali haigongi meza mtu akiinama. Kwa shaba hakikisha upande wa nyuma, unaolala kifuani, umeusawazisha kwa tupa, vinginevyo utapata malalamiko ya deraa lililochanika. Ngozi ya wengine itageuka kijani kidogo chini ya shaba. Inatoka kwa sabuni.

Kidoleni, bismathi hapana. Ugumu wake ni sawa na wa ukucha, au chini kidogo. Wiki moja ya kufua, kushika usukani na kutafuta funguo mkobani, na rangi zinaondoka kwanza kwenye kingo, kisha kingo zenyewe. Nimeona pete za bismathi zikiuzwa. Anayeuza anajua, anayenunua atajua. Shaba inaweza kuwa pete, kama fuwele ni fupi na umeizungushia ukuta wa metali pembeni kama sonara anavyolaza kito. Bangili vivyo hivyo.

Halafu kuna hewa ya pwani. Ukiishi Tanga au Lamu, shaba tupu itapoteza wekundu wake ndani ya siku chache na kuwa kahawia, baadaye yenye ukijani kwenye mikunjo. Wapo wanaopenda sura hiyo ya uzee. Kwa wasiopenda, kausha fuwele mara tu baada ya kuisuuza, ukianza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuondoa uchachu, kisha paka vanishi nyembamba au nta ya nyuki. Bismathi haigeuki hivyo, utando wake ndio kinga yake. Ila ukiuzamisha kwenye epoksi ili kuulinda na mikwaruzo, rangi hufifia, kwa sababu mwanga hauupigi tena kutoka hewani. Jaribu kipande kibaya kwanza.

Fedha, na zile ambazo sikushauri

Fedha ni nzuri kuliko zote mbili na ndiyo ya haraka. Ukizamisha waya wa shaba kwenye maji yenye nitrati ya fedha, manyoya meupe yanaota mbele ya macho yako, dakika kwa dakika, huku maji yakigeuka buluu kwa shaba inayoondoka. Wataalamu wa kale wa Ulaya waliuita mti wa Diana, kwa kuwa walihusisha fedha na mwezi. Kila gramu moja ya nitrati inakupa gramu 0.635 za fedha.

Sasa ugumu. Nitrati ni ghali na hupatikana kwa wauza kemikali za maabara, siyo dukani mtaani. Ikigusa ngozi inaacha doa jeusi linalokaa hadi ngozi ijibadili yenyewe. Ikigusa jicho ni balaa. Maji ya bomba yanaiharibu papo hapo kwa kuifanya maziwa, kwa hiyo lazima yawe yale safi ya betri. Kuna wanaojitengenezea nitrati kwa kuyeyusha fedha kwenye asidi ya nitriki. Moshi wake wa kahawia unaharibu mapafu, na jikoni si mahali pake. Wala usiwahi kuchanganya maji ya fedha na amonia na kuyaacha yakae, hutengeneza kitu kinacholipuka. Ukivuka yote hayo, unachopata ni manyoya ambayo pumzi tu inayaangusha. Mahali pake ni ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa, kikaning'inizwa mkufuni. Kama una rafiki mwalimu wa kemia mwenye maabara na unapenda vidani vya vichupa, nenda. Vinginevyo acha.

Bati, na simaanishi bati la paa ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, ni metali ile inayochimbwa Rwanda na Kivu. Ukiipitishia umeme kwenye maji ya kloridi yake, majani marefu yanajitandaza ndani ya dakika chache. Yanachangamsha watoto. Ukiyatoa majini yanalala kama nywele zilizolowa. Kwa vito, sioni njia.

Wapo pia wanaoniuliza habari ya galiamu, kwa kuwa video zake ni nyingi. Huyeyuka kwenye nyuzi 29.8. Kwa Dar es Salaam mwezi wa pili, kidani chako kitamwagika kabla hujafika kituo cha daladala.

Na yale mawe ya buluu ya mrututu wenyewe, ambayo yakiachwa kwenye maji hukua makubwa na mazuri sana? Siyo metali, ni chumvi ya sumu. Jasho linayayeyusha, na mtoto akiyaweka mdomoni unakimbilia hospitali. Usiyavae hata yakiwa ndani ya vanishi.

Kinachobaki baada ya kazi

Watu wakilinganisha husahau hili. Bismathi haiachi taka ya maana: ule utando wa kijivu uweke kwenye kopo, funga. Tahadhari yake ni maji. Tone moja likidondoka kwenye bismathi iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa kishindo na kurusha metali usoni, kwa hiyo fanya kazi nje penye upepo, siku isiyo na mawingu, kijiko kikavu, na watoto mbali.

Shaba inaacha maji ya buluu, na maji hayo yanaua samaki na konokono hata kwa kiasi kidogo. Usiyamwage mtaroni. Hata hivyo hayachakai upesi. Chupa moja imenitumikia kwa vidani vingi, naongeza maji tu yanapopungua. Siku ukichoka nayo kabisa, tia magadi, yale yale ya Ziwa Magadi, kidogo kidogo kwa sababu yanatoa povu, mpaka buluu yote ituame chini kama uji na maji ya juu yawe maangavu. Chuja kwa kitambaa, ukaushe ule uji na uuhifadhi. Wengine huongeza tindikali kidogo ya betri ili umeme upite vizuri zaidi. Inasaidia, lakini kwa anayeanza siyo lazima. Ukiamua, tindikali ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe kwenye tindikali, na magadi utakayohitaji mwishoni yatakuwa mengi zaidi.

Nani achukue ipi

Kama unatengeneza hereni na vidani vya kuuza kwa picha, una uwezo wa kuagiza kilo mbili kwa mkupuo, una uwanja wa nje, na mkono wako umezoea kufunga waya, bismathi itakulipa. Utapata vipande ishirini kwa siku moja, kila kimoja na rangi zake. Mweleze mnunuzi wazi kwamba imekuzwa sufuriani. Wapo wanaoiuza kama jiwe la mgodini, na mnunuzi akigundua harudi.

Kama unaishi chumba kimoja, una watoto ndani, huna jiko la nje, au unataka kitu kitakachovaliwa kila siku bila kuogopwa, ni shaba. Chupa inakaa juu ya kabati, imefunikwa, imeandikwa SUMU kwa herufi kubwa, na unaendelea na shughuli zako. Ukiwa na subira mbaya, weka chupa nne kwa pamoja, kila moja na chaja na rezista yake, zipishane siku tatu tatu, usije ukakaa wiki mbili unatazama kitu kimoja.

Mimi ningeanza upya leo na hela ya kitu kimoja tu, ningekwenda duka la pembejeo kabla ya kwenda posta. Bismathi ningeiagiza kwa hela ya vidani vitatu vya kwanza.